Ulimi Mweupe wa Pauline Nanyama

Pauline Nanyama aliajiriwa kwa ajili ya ulimi wake. Wako wengi wanaokula kwa ulimi, wanasiasa na wahubiri wakitangulia, lakini yeye alikula kwa ulimi bila kusema neno. Katika duka la kina Mahesh mjini Kitale, nyuma ya pazia la shanga ambalo wateja hawakuruhusiwa kulivuka, kulikuwa na makarai matatu ya mafuta. Huko ndiko ilikotengenezwa chevda, ule mchanganyiko wa viazi, njugu na dengu za kukaangwa ambao nusu ya mji huo hutafuna bila kujua jina la anayeukaanga. Anayeukaanga alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Myanga kule Bungoma. Hakuna kilichotiwa mfukoni kabla ya kupita juu ya ulimi wake. Alionja, akafumba jicho moja, kisha akatoa hukumu: "Pilipili inaita, chumvi haiitikii." Na chumvi ikaongezwa.

Mahesh mwenyewe, alipokuwa hai, hakuwahi kubishana na hukumu hizo. Alizoea kusema kwamba ulimi ule ulikosea mahali pa kuzaliwa, na Pauline aliamua kuyachukua maneno hayo kama sifa.

Lakini unga wa dengu huruka, na moshi wa pilipili hauchagui pua. Miaka mitatu iliyopita kifua cha Pauline kilianza kupiga filimbi. Daktari mmoja, ambaye foleni yake ilifika hadi langoni, alimwandikia pampu mbili za pumu: ya bluu ya kumwokoa akibanwa, na ya kahawia ya kuvuta kila siku ili asibanwe. "Mbili asubuhi, mbili jioni. Mwingine!" akasema. Mafunzo yakawa yameisha.

Pampu ya kahawia aliinunua Myanga kila mwisho wa mwezi alipokwenda nyumbani, katika duka la dawa la Bramwel. Bramwel alikuwa amemwoa binamu yake, na undugu ni undugu. Lilikuwa duka la kupendeza, rafu zimejaa hadi darini. Mgeni angedhani mikoa mitatu ingeweza kuugua kwa pamoja na kila mtu akapata dozi yake. Siri ya rafu hizo ilikuwa rahisi: Bramwel alikuwa akikuuzia dawa na kubaki na kisanduku chake.

"Boksi niachie, shemeji," alimwambia tangu siku ya kwanza, huku akiitia pampu katika mfuko wa kaki. "Rafu ikikaa tupu watu wanasema duka imekufa. Na hii dawa si ya mchezo, ni ghali. Usiipoteze."

Pauline hakuwa mtu wa kupoteza. Utotoni, mama yake alipomnywesha dawa ya minyoo alimkataza maji kutwa nzima: ukinywa maji juu yake, inaoshwa. Basi alipoanza pampu alijiwekea sheria. Akishavuta alifunga mdomo kabisa, akaibana midomo kwa vidole kama mtu anayefunga gunia, na kwa saa nzima hakugusa chai, maji wala maneno. Wapagazi wa duka walijua kwamba kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi Mama Pauline haongei. Walidhani ni utu uzima.

Haukupita muda mrefu kabla weupe haujaja. Ulianza kama madoa ya maziwa yaliyoganda ndani ya shavu, ukatambaa hadi kwenye ulimi, ukakaa. Alipousugua kwa mswaki ulitoka na damu. Chakula kikawa na ladha ya sufuria.

"Kuvu," alisema Bramwel baada ya kuchungulia kwa tochi ya simu. Akamuuzia dawa ya matone, na juu yake kapsuli za rangi mbili za kuua viini, eti zisaidie. Weupe ukaondoka. Baada ya wiki tatu ukarudi, umenona. Akamuuzia tena. Ukaondoka, ukarudi. Katikati ya safari hizo Pauline alijaribu chumvi, majivu, magadi, na mizizi chungu ambayo jirani yake alimletea kutoka Lwakhakha, ikisifiwa kwamba inatibu Uganda nzima. "Nimepona mara tisa," angesema baadaye. "Kuna mtu Kenya hii amepona kunishinda?"

Wakati wa kupona kwa tano, Bramwel aliegemea meza yake, akaishusha sauti ili isikike vizuri zaidi. "Shemeji, pole. Lakini ulimi ya aina hii... si uende upimwe ile kitu?"

Alikwenda. Hakuwa nayo. Alirudi na kadi, akamwonyesha, naye Bramwel akaitazama kwa huruma ya mtu anayejua zaidi ya maabara. Myanga, kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na kadi, ilikwisha kuamua. Kadi ya kwanza walisema amepima mapema mno. Ya pili walisema ameinunua Lwakhakha. Ya tatu hakuna aliyeomba kuiona.

Hata marehemu mume wake hakusazwa. Wanyonyi aligongwa na trekta ya miwa saa sita mchana siku ya soko, mbele ya watu wasiopungua arobaini, na wengine wao ndio walioshika majembe kaburini. Sasa hao hao walikumbuka kwamba alikuwa amekonda. "Trekta ilimalizia tu," walisema.

Katika ushirika wa akina mama wa kanisa la Myanga, chai ilinywewa kwa vikombe vya bati vyenye maua mekundu. Jumapili moja Pauline alikabidhiwa kikombe cha plastiki cha kutupwa. Mwenyekiti alimpa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama mtu anayetoa zawadi. Mwezi uliofuata akapewa kingine. Alikunywa, akasema asante, akarudi nyumbani na kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Kule Kitale hakuna aliyetaja virusi. Dayawanti, mjane wa Mahesh, ambaye sasa ndiye aliyeshika funguo, alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ilikuwa chumvi. Ulimi wa Pauline haukuonja tena. Alitia chumvi kwa kubahatisha, na alibahatisha kwa mkono mkubwa. Mteja mmoja wa Ndalu, anayeuza rejareja sokoni huko, alirudisha katoni nzima. Hakuwa na kinyongo. Alisema tu kwamba ng'ombe wake wameipenda sana.

"Polin," Dayawanti alimwita siku hiyo, katoni iko miguuni pake. "Toa ulimi."

Pauline akautoa, mtu mzima, katikati ya duka.

"Arre, kama chapati haijaiva." Dayawanti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe kaa kwa mizani kwanza. Pima, funga. Shweta ataonja."

"Mama, Shweta anaogopa pilipili."

"Ndiyo, najua. Lakini ulimi yake iko rangi ya ulimi." Kisha, kwa sauti ya kufunga mjadala: "Mimi nangoja mpaka Diwali. Diwali kazi ni mingi. Kama hiyo ulimi haijarudi, natafuta mtu ingine. Si kwa ubaya."

Si kwa ubaya. Pauline aliyabeba maneno hayo hadi kwenye mizani, akakaa nayo pale. Miaka kumi na minne karaini, na sasa alikuwa akipima kwa gramu chakula kilichokaangwa na Shweta, binti wa Dayawanti, aliyeonja kwa ncha ya ulimi kisha akakimbilia maji. Diwali ilikuwa wiki kumi mbele. Pauline hakujua kazi nyingine. Na hata angeijua, hakuitaka. Alitaka ile iliyokuwa yake.

Hasira humtafuta mtu wa kumkalia, na Pauline alimpata aliye karibu zaidi: kifua chake mwenyewe. Aliiacha pampu ya kahawia kwa siku kumi, kama mtu anayemnunia mke mwenza. Siku ya kumi na moja alibanwa mchana kweupe, pampu ya bluu ikavutwa mara nyingi kupita kiasi, na wapagazi wawili wakamkokota hadi zahanati iliyo barabara ya pili.

Afisa wa kliniki wa zamu aliitwa Jeruto. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa michezo. Alimpa hewa hadi filimbi ikatulia. Kisha akamwambia afungue mdomo, akatazama.

"Hii ina muda gani?"

"Miaka mitatu. Na kabla hujaniambia niende nikapimwe, nimepimwa. Mara tatu. Nikuletee kadi?"

"Sijasema kitu, mama."

"Lakini ulikuwa karibu."

Jeruto akacheka. Akamtoboa kidole na kupima sukari, ikawa sawa. Akauliza kuhusu meno ya bandia, hayakuwepo. Akauliza kuhusu dawa, akasikia habari za kapsuli za rangi mbili, akaguna. Kisha akauliza jambo ambalo katika miaka mitatu hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.

"Pampu ya kahawia unayo hapo? Hebu vuta kama unavyovutaga nyumbani."

Pauline akaitoa kwenye mkoba. Akavuta moja, akavuta mbili. Akafunga mdomo, akaibana midomo kwa vidole viwili, akatulia.

Jeruto akangoja. "Halafu?"

Pauline akatikisa kichwa, akaonyesha saa ukutani.

"Nini na saa?"

Pauline akainua kidole kimoja.

"Dakika moja?"

Akatikisa kichwa.

"Saa moja? Saa moja nzima? Mama, fungua huo mdomo!"

"Itatoka," alisema Pauline kupitia vidole.

"Wacha itoke! Hiyo dawa ni ya kifua. Ile inayobaki mdomoni haina kazi huko. Inalaza tu walinzi wa mdomo, na kuvu inaingia bila kupiga hodi. Na hizo kapsuli zinafukuza wale wadudu wazuri wangeizuia. Ukimaliza kuvuta, unachukua maji, unasukutua, unatema. Asubuhi na jioni, maisha yako yote. Hukuambiwa?"

"Na nani?"

"Na daktari. Na mtu wa kemisti. Ai, hata kama wote walisahau, si imeandikwa kwa karatasi, ndani ya boksi?"

Pauline akashusha mkono polepole.

"Boksi gani?" akauliza.

Jeruto alimpa matone mapya, akamwagiza ayazungushe mdomoni wiki mbili kamili, hata weupe ukiisha kabla ya hapo. Kapsuli, marufuku. Pampu ya kahawia, asiiache tena. Kisha akachukua chupa tupu ya soda, ya plastiki, akatia kisu motoni, akatoboa kitako chake tundu la kutosha mdomo wa pampu. "Unapulizia humu, unavutia huku. Nyingi itaenda chini, kidogo itabaki juu. Na ikirudi tena baada ya haya yote, uje, tutafute sababu nyingine. Usiende kwa huyo mtu wako."

Pauline alirudi dukani kwa kupitia uani. Hapo, chini ya mti wa majani ya kuungia mchuzi, kulikuwa na bomba. Alisimama mbele yake muda mrefu, chupa ya soda kwapani.

Mahesh alikuwa na pumu. Kila mtu alijua. Na kila asubuhi saa moja, kwa miaka kumi na mmoja, Pauline alimwona Mahesh akitoka uani na kopo la chuma, anavuta pampu yake, anajaza maji kinywani, anatazama mbinguni na kuguruma kama jenereta inayokataa kuwaka, kisha anatema chini ya mti ule. Mara tatu. Na kila asubuhi, kwa miaka kumi na mmoja, Pauline aliinamisha macho, akapunguza redio, akawageukia wapagazi na kuwakaripia kwa sauti ya chini: "Nyamazeni. Mzee anaomba."

Aliheshimu dini ya watu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kutoka kwenye karai hadi kwenye bomba kulikuwa na hatua sita, na hakuuliza, kwa adabu.

Jumamosi alishuka Myanga. Duka la Bramwel lilikuwa na wateja wanne, na mmoja wao, kwa bahati ambayo Pauline hakuilalamikia, alikuwa mwenyekiti wa ushirika.

"Shemeji! Umepotea," alisema Bramwel. "Ya kahawia?"

"Ya kahawia."

Bramwel akashusha kisanduku, akatoa pampu, akalirudisha rafuni lile ganda tupu na kulinyoosha ili liwe sawa na mengine.

"Leo nataka na boksi."

"Aa, shemeji. Boksi ni ya rafu."

Pauline akainua ubao wa meza, akapita ndani. Bramwel alifungua mdomo, lakini alikuwa mtu wa meza, na meza ilikuwa imeshavukwa. Pauline akakishusha kisanduku kile, na cha pili, na cha tatu, vyote vyepesi kama maganda ya njugu. Katika kila kimoja alichomoa kikaratasi kilichokunjwa kwa unadhifu wa kiwandani, hakijawahi kuguswa. Akakunjua kimoja. Kilikuwa cha Kizungu, lakini Pauline alimaliza darasa la nane, na Kizungu kile kilikuwa cha darasa la nne.

"'Baada ya kila mvuto,'" alisoma, akitafsiri kwa ajili ya hadhira, "'sukutua kinywa kwa maji, uteme. Hii itazuia kuvu ya kinywani.'" Akakigeuza. "Hapa wamechora na picha. Mtu anatema. Hata asiyesoma angeona. Mtoto angeona. Kuku angeona, Bramwel."

"Sasa shemeji, mbona unapiga kelele kama baraza? Si ungeniuliza tu?"

"Ningeuliza nini? Mtu anauliza kitu hajui kama iko?"

"Mimi nilijua unajua."

"Ulijua najua!" Akaweka vikaratasi mezani kimoja kimoja, kwa kishindo kikubwa kuliko karatasi inavyostahili. "Miaka mitatu naingia hapa, nasimama mahali hapa, jibu iko juu ya kichwa yangu kama picha ya Rais, imefungiwa kwa boksi, boksi imewekwa kama maua. Unaniuzia ugonjwa na mkono huu, dawa na huu. Halafu unaniambia pole! Ulinitangaza na hiyo pole yako, bana. Wewe ndiye ulinipima na tochi ya simu, na majibu ukapeleka sokoni."

"Mimi sikuambia mtu," alisema Bramwel.

Mwenyekiti wa ushirika akaanza kusoma kwa umakini mkubwa tangazo la vyandarua.

Pauline alivitia vikaratasi na visanduku vyote vya kahawia katika kikapu chake. Rafuni likabaki pengo. Bramwel alilitazama kwa uchungu ambao hakuwahi kuuonyesha kwa ulimi wa mtu yeyote.

Habari ilifika kanisani kabla yake, kwa sababu mwenyekiti alikuwa na miguu mizuri. Jumapili, chai ilipogawiwa, Pauline alinyoshewa kikombe cha bati chenye maua mekundu, kimejaa, pamoja na tabasamu la watu sita.

"Cha plastiki kiko wapi?" aliuliza.

"Ah, mama Pauline, hayo si yameisha? Tumesikia ni pampu tu."

"Mmesikia ni pampu. Na ingekuwa si pampu? Ingekuwa ile mlisema, mngenipa bati?"

Kikombe kilibaki hewani.

"Hiyo kitu haiambukizwi na chai. Muuguzi alikuja hapa hapa akatufundisha, mkapiga makofi. Kwa hivyo nipeni plastiki yangu. Nikipona ndio mnanipenda, basi sitaki kupona hapa."

Walitafuta kikombe cha plastiki. Ilichukua muda. Akainywa chai yote bila haraka, akakiosha, akakitia mkobani.

Weupe uliondoka siku ya tisa. Hilo halikumshangaza, ulikuwa umezoea kuondoka. Alimaliza matone ya wiki mbili na kungoja. Wiki ya tatu, ile ya kurudi, ikaja na kupita peke yake. Wiki ya tano pia. Akiwa kwenye mizani asubuhi moja alisikia harufu ya bizari kwenye vidole vyake, akalamba, na ilikuwa bizari.

Hakumwambia mtu. Kesho yake saa moja alitoka uani na chupa yake ya soda na kopo la chuma alilolikuta mahali pake pa siku zote. Akavuta. Akajaza maji, akatazama juu, akaguruma. Hakujificha, na alisahau kabisa kupunguza redio. Aliguruma kwa ajili ya kadi tatu na Wanyonyi, akatema chini ya mti, akarudia.

Alipogeuka Dayawanti alikuwa amesimama mlangoni na shali begani, hajachana nywele.

"Mimi nafikiri ni yeye," Dayawanti alisema. "Yeye alikuwa anafanya mara tatu."

"Ulijua ni ya nini?"

"Ya pampu. Daktari alisema, bila hiyo mdomo inakuwa mweupe."

"Na yangu ulipoiona mweupe?"

Dayawanti akafikiri kwa uaminifu. "Wewe hukusema unatumia pampu. Kila siku wewe unafunga mdomo tu."

Ukweli huo ulimkasirisha Pauline upya. Akaguruma mara ya tatu, ndefu kuliko zote, akatema. Kisha akampita mwenye duka, akalivuka pazia la shanga, akafika kwenye karai ambapo chevda ya kwanza ya Diwali ilikuwa ikipoa kwenye sinia. Zilikuwa zimebaki siku sita. Akachukua kidogo. Akafumba jicho moja.

"Chumvi imezidi," alisema. "Sukari imesahauliwa. Na bizari imeungua, mtu aliiacha akaenda kuongea na simu. Hii hata ng'ombe wa Ndalu wataikataa. Nani amekaanga?"

"Mimi," alisema Dayawanti nyuma yake. "Shweta anaumwa na tumbo."

"Imwagwe."

Dayawanti alitazama sinia, kilo nane, dengu ya bei ya sikukuu. Alimtazama Pauline. Kisha akauchukua mwiko wenye matundu uliotundikwa ukutani, akaufuta kwa ncha ya shali yake, na kumnyoshea.

Pauline hakuupokea mara moja.

"Niambie tena nitoe ulimi," alisema.

"Nini?"

"Nitoe ulimi wangu, uone rangi, ili kesho usiseme hukuona." Na akautoa wote, mwekundu, hadi kwenye kidevu, akaushikilia hapo muda mrefu kuliko uchunguzi ulivyohitaji. Ndipo akaupokea mwiko na kuwasha moto.